Bolti za flenji ya nyuma kwa Land Rover ya zamani zinakatika kila mara, nitumie spana gani na bolti gani?

#1 Njoro_IIA
Wadau habari zenu. Niko Njoro hapa Nakuru. Niko na Land Rover Series IIA ya 1968, ile fupi, ya babu yangu, ilikaa ghalani chini ya magunia miaka kumi na moja mpaka nikaamua kuifufua. Injini imekubali, gia zinaingia, breki nimeshughulikia. Kinachonisumbua ni ekseli ya nyuma upande wa kushoto, zile bolti sita zinazoshikanisha flenji (sahani ya mwisho) ya hafu shafti, ile fimbo inayozungusha gurudumu, na habu, yaani kitovu cha gurudumu, zinakatika. Mara ya kwanza ilikuwa wiki moja baada ya Pasaka nikishuka kutoka Mau Narok na magunia sita ya viazi, nikasikia tak, halafu nikikanyaga mafuta injini inalia na gari haliendi, kuangalia tatu zimekatika na zingine zimepinda. Fundi akaweka mpya za kichwa 17, akakaza na paipu mpaka akatokwa jasho. Juzi tena mbili zimekatika na moja naizungusha kwa vidole.

Spana zangu zote ni za milimita. Kwa vichwa vya zamani 14 haiingii na 15 inacheza, nikilazimisha inakula pembe. Je ninunue seti ya inchi? Na bolti nichukue gani, daraja la nguvu la 8.8 ama niende juu zaidi? Ama shida hata si bolti?

#2 Kondele_Spana
Weka picha ya vichwa vya hizo bolti mkuu. Na utuambie juu zimeandikwa nini.

#3 FundiMkongwe_Shabab
Kijana pole. Mimi nimefungua hizi gari tangu nikiwa wa kubeba beseni ya dizeli ya kuoshea spea, na nakwambia kitu kimoja, Land Rover yote ya zamani ni Whitworth. Tafuta spana za Whitworth, utasahau shida. Sisi tulikuwa nazo zimening'inia ukutani, hakuna mtu alikuwa anagusa ekseli ya Mwingereza na spana ya Mjapani.

#4 Njoro_IIA
@Kondele_Spana simu yangu inakataa kupakia picha lakini nimeangalia. Za fundi nne zimeandikwa 8.8, mbili hazina kitu, kichwa laini kabisa. Upande wa kulia ambao haujawahi kunisumbua bolti ni za zamani, kichwani kuna kama kidimbwi cha mviringo na herufi S.

#5 Trekta_Kitale
Mzee wa Shabab heshima yako iko, lakini hapo kwa "yote ni Whitworth" hapana. Naomba nieleze polepole kwa sababu hili jambo limeharibu habu nyingi sana huku Trans Nzoia.

Whitworth ni thredi, yaani mtindo wa meno ya bolti, ya Joseph Whitworth, ya 1841, pembe ya meno yake ni digrii 55. BSF ni ndugu yake, pembe ni ile ile 55 lakini meno yamekaribiana. Halafu 1948 Marekani, Uingereza na Canada wakakubaliana watumie thredi moja ya digrii 60, ndiyo hiyo UNF na UNC. Viwanda vya Uingereza havikuhama siku moja. Kwa hivyo Land Rover za Series unakuta BSF hapa, UNF pale, kwa gari moja, na ikiwa imepita mikono mitano hapa Kenya ongeza milimita juu.

Sasa angalia. Bolti ya inchi 3/8 ya UNF ina meno 24 kwa inchi moja. Ya BSF ina 20. Kwa macho zinafanana kama mapacha. Ukiingiza ya BSF kwa tundu la UNF inashika mizunguko miwili mitatu halafu inakuwa ngumu, na fundi mwenye haraka anafikiri ni kutu, anaongeza paipu. Hapo ndipo habu inakufa.

Kidimbwi cha mviringo kichwani ni alama ya Waingereza ya kusema hii ni UNF ama UNC. Na S ni daraja la nguvu, inakaribiana na 8.8 ya milimita. Kwa hivyo upande wako wa kulia ni UNF, hiyo siwezi kubishana, na kichwa chake ni 9/16, yaani milimita 14.29. Ndiyo sababu 14 inakataa na 15 inacheza.

Fanya hivi. Chukua bolti, ipake grisi nyeusi ile ya zamani, ilaze kwa karatasi ya daftari, ibonyeze ikiwa imelala bila kuizungusha. Itaacha mistari. Weka rula, hesabu mistari kwa inchi moja. Fanya kwa bolti ya kulia na ya fundi, uje utuambie.

#6 Kibuye_Soketi
Hiyo ya karatasi na grisi ni nzuri sana, mimi nilikuwa nahesabu na ukucha 😅

Kwa upande wa vifaa, naongezea juu nauza soketi. Usinunue soketi ya pembe 12 kwa bolti za zamani. Chukua ya pembe 6, inashika ubavu wa kichwa badala ya kona. Soketi ya 9/16 na ya 1/2 na ya 11/16 na ya 3/4 zinakutosha karibu ekseli nzima kama ni UNF. Ile 3/4 hata 19 yako itafanya kazi, tofauti ni nusu ya unywele, 19.05. Lakini 13 kwa 1/2 usijaribu, 1/2 ni 12.7, utakula kichwa.

Na spana za Whitworth ziko na mtego wao. Namba iliyoandikwa ni ya unene wa bolti, si upana wa kichwa. Mtu ananiambia nipe 3/8, nampa 3/8 ya Whitworth, anarudi jioni na hasira. Ile inafungua karibu milimita 18.

#7 FundiMkongwe_Shabab
@Trekta_Kitale sawa, sikatai UNF ziko. Lakini za mwanzo mwanzo zilikuwa BSF kwa habu, hiyo nimeona kwa macho yangu na nimefungua kwa mikono hii.

#8 Trekta_Kitale
Mzee hapo tuko pamoja, ndiyo maana nikasema apime. Habu zinabadilishwa, ya gari la 1959 inaishia kwa gari la 1970.

#9 Lanet_Beetle
Naruka kidogo kwa gari langu, si Land Rover ni Volkswagen Beetle. Nati kubwa ya ekseli ya nyuma ni 36, na inatakiwa kukazwa karibu Nm 300 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Watu wengi hapa Nakuru wanaigonga na patasi na nyundo, mimi yangu nilinunua gari ikiwa na nati imekuwa mviringo kama sarafu. Ilichezea mpaka meno ya ndani ya dramu yakaisha, siku moja natoka Section 58 injini inaenda na magurudumu yamesimama.

Kama huna toki renchi (spana ya kupima nguvu ya kukaza) kubwa, tumia uzito wako. Mimi ni kilo 75. Nikisimama kwa breka ba (mpini mrefu wa soketi) sentimita 41 kutoka kwa nati, bila kuruka, hiyo ni Nm 300. Halafu kama tundu la pini halijalingana unaenda mbele mpaka lilingane. Usirudishe nyuma hata kidogo.

#10 Kondele_Spana
@Lanet_Beetle hesabu yako imekubali, nimeipiga kwa simu. Sasa piga ya fundi wa Njoro_IIA. Paipu ya mita moja, mtu anavuta na kilo 40, hiyo ni karibu Nm 390. Bolti ya M10 ya 8.8 inataka kama 45 mpaka 50 hivi. Amekaza mara nane ya inavyotaka! Hizo bolti zilikufa siku zilifungwa. Kesi imeisha.

#11 Njoro_IIA
Nimerudi. Karatasi iko hapa mbele yangu. Bolti ya kulia mistari 24. Za fundi zote nne za 8.8 nimehesabu mara tatu, ni 17. Sasa 17 ni gani jamani? Na nimeona pia matundu ya flenji ya kushoto yametobolewa upya, kuna alama ya drili, moja hata imeenda upande.

#12 Trekta_Kitale
17 ndiyo nilikuwa naogopa. Hiyo ni M10 ya kawaida, hatua (nafasi kati ya meno) ya milimita 1.5. Alipitisha tapu (kikata meno ya ndani ya tundu) ya M10 ndani ya tundu la 3/8.

Watu hufanya hivyo kwa sababu tapu inaingia bila kutoboa. 3/8 ni milimita 9.525, M10 ni 10. Kwa hivyo ukuta mpya uliopata kukatwa ni kama robo ya milimita tu kila upande, hiyo ingine yote ni meno ya zamani ya 24 yamekatwakatwa kwa kuvukwa na meno ya 17. Ukifunga unahisi imeshika. Imeshika ncha.

#13 FundiMkongwe_Shabab
Lakini M10 ni nene kuliko 3/8. Bolti nene ina nguvu zaidi, hapo hatuwezi kudanganyana. Na bolti zake hazikung'oka na thredi, zimekatika katikati. Kama thredi ndiyo mbovu ingechomoka nzima na unga wa chuma. Fikirieni hapo.

#14 Trekta_Kitale
...hiyo ni hoja mzee. Hapo umenishika.

#15 Mama_Grisi
Hamjambo. Mimi niko Kakamega, karakana yangu na ya marehemu mume wangu tulifungua na Land Rover za misheni, hizi ekseli nazijua. Kabla mtu aseme kesi imeisha, mtoto atwambie bolti imekatikaje. @Njoro_IIA chukua kipande kilichokatika, kioshe na petroli, ukiangalie uso wake kwa jua, si kwa taa. Ni laini ama ni wa mchanga? Kuna mistari? Imepindika kabla ya kukatika ama imekatika imenyooka?

#16 mgeni_tu
Na si aweke tu bolti za stenlesi? Hazipati kutu. Mimi gari langu lote nimeweka stenlesi inang'aa.

#17 Kibuye_Soketi
@mgeni_tu kwa bodi sawa, kwa ekseli hapana tafadhali. Stenlesi ya kawaida ya madukani, A2-70, ni laini kuliko 8.8. Inavutika. Na ikikutana na nati ya stenlesi inashikana yenyewe, utaikata na grinda.

#18 Njoro_IIA
Mama asante. Nimefanya. Vipande vitatu vya safari ya kwanza, hizo za zamani, vimepinda kidogo na uso wote ni wa mchanga. Vya juzi viwili ni tofauti. Kama nusu ya uso ni laini, unang'aa, na kuna mistari ya upinde imepangana kama ganda la konokono ikianzia pembeni kwa bonde la thredi. Halafu nusu ingine ni kijivu, ya chembechembe, kama umevunja sukari nguru. Zimenyooka, hazijapinda hata kidogo.

#19 Mama_Grisi
Haya. Hizo za juzi hazikukatika siku moja. Hiyo mistari ya konokono ni ufa unatembea pole pole, kila safari unaongeza kidogo, mpaka nyama iliyobaki ikashindwa na ikavunjika mara moja, ndiyo hiyo sukari nguru. Bolti ilikuwa inapindwa na kurudishwa, kupindwa na kurudishwa, maelfu ya mara. Hiyo ni kuchoka kwa chuma.

Na bolti haichoki kama imebana sawa. Watu wanafikiri bolti sita ndizo zinavuta gurudumu kama vigingi. Hapana. Bolti kazi yake ni kubana flenji kwa habu, na msuguano wa hizo nyuso mbili ndio unasukuma gari. Ekseli hii uzito wa gari hauko kwa hafu shafti, uko kwa habu na beringi, ndiyo maana unaweza kuvuta shafti nje gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Kubana kukipungua, flenji inaanza kuteleza nywele moja mbele ukiweka gia, nywele moja nyuma ukiachilia. Hapo sasa bolti zimekuwa vigingi, na hazikutengenezwa kuwa vigingi.

Kwa hivyo mimi swali langu si daraja la bolti. Ni nini kilipunguza kubana? Kati ya flenji na habu umeweka nini?

#20 Njoro_IIA
Fundi aliweka karatasi ya gasketi, nene, ya katoni, halafu silikoni pande zote mbili juu oili ilikuwa inavuja.

#21 Mama_Grisi
Nilijua. Katoni inalala. Leo umekaza, kesho imekonda, bolti imelegea bila nati kuzunguka hata kidogo. Na silikoni na oili zimelainisha nyuso.

#22 Kondele_Spana
Na mara nane ya kukazwa je? Bolti ikivutwa kupita kiasi inakuwa ndefu, hairudi, kubana kunapotea vilevile. 8.8 maana yake inavunjika kwa megapaskali 800 na inaanza kuvutika kabisa kwa asilimia 80 ya hiyo. Sioni vile katoni inashinda paipu ya mita moja. Mimi nabaki hapo.

#23 Mama_Grisi
@Kondele_Spana kama angefikisha hiyo 390 zingekatika mkononi mwake siku ile. Hajafikisha, alivuta na paipu lakini si na kilo 40.

#24 Kondele_Spana
Mama hiyo ni kweli. Lakini hata nusu yake ni nyingi.

#25 Simba404
Hamjambo wapenzi wa ekseli. Mimi ni mtu wa Peugeot 404, niko Kisumu upande wa Mamboleo. Sisi ekseli yetu haina mambo ya kukatika bolti, ni ya gia ya minyoo, gurudumu la shaba ndani, inaenda kimya kama paka. Ila mtu asikudanganye umwagie oili yoyote ya difu. Ilitengenezewa oili ya mbarika. Zile oili za kisasa zenye salfa ya kulinda gia za chuma, baadhi zinakula shaba pole pole. Mimi nilinunua yangu mtu ameshaweka oili ya lori, nikifungua sumaku ya chini haina kitu nikafurahi, halafu nikaona oili yenyewe inametameta dhahabu. Shaba haishikwi na sumaku. Nilikaa chini hapo kwa mchanga nikashika kichwa.

Hiyo gari ndiyo Joginder Singh alishindia Safari Rally, mtoto wa Kericho.

#26 KerichoMilima
Kericho alizaliwa, hiyo ni kweli na tunajivunia. Lakini hakushinda na 404. 1965 alishinda na Volvo PV544, halafu 1974 na 1976 na Mitsubishi Colt Lancer. 404 ilishinda 1963 na 1968 na Nick Nowicki, 1966 na 1967 na Bert Shankland. Peugeot mna vikombe vinne hapo, hamhitaji kukopa cha Volvo.

#27 Simba404
Nimekubali na nimeshukuru 🙏 vinne vinatosha.

#28 FundiMkongwe_Shabab
Turudi kwa kijana. Mimi nimefikiria usiku. Kwa nini upande wa kushoto tu? Kulia bolti ni za miaka na miaka, zimebeba viazi vile vile, na hazijakatika. Na zile tatu za kwanza zilikuwa za zamani pia, za kiwanda, kabla fundi, kabla katoni, kabla paipu. Hakuna kati yenu amejibu hapo. Mimi nasema kesi ya nyumba ya ekseli imepinda upande wa kushoto. Ikipinda, habu inaangalia upande mmoja na shafti inaangalia mwingine, na kila mzunguko wa gurudumu flenji inapindwa. Mara moja kila mzunguko. Mama, si hiyo ndiyo maelfu ya mara ulisema?

#29 Mama_Grisi
Mzee, hiyo pia inawezekana na sikatai. Ila zile tatu za kwanza hazikuwa na mistari, zilipinda na kuvunjika, hiyo ni kuzidiwa. Ugonjwa wa kwanza na wa pili huenda si mmoja.

#30 Trekta_Kitale
Kupima kupinda bila mashine: egesha mahali sawa, pima kwa utepe kati ya magurudumu ya nyuma, upande wa mbele wa tairi kwa kimo cha habu, halafu upande wa nyuma. Weka alama ya chaki, sukuma gari nusu mzunguko, pima tena alama zile zile, hiyo inaondoa makosa ya rimu iliyopinda. Ekseli nzima isiyopinda namba zinalingana.

#31 Kibuye_Soketi
Na beringi za habu? Zikiwa na mchezo habu inayumba. Ile nati ya ndani ni ya boksi spana ya 52, nyembamba, ziko mbili na washa ya kukunja katikati. Kama fundi wako alizikaza na patasi, utaona makovu. Hapo hakuna njia ya kujua umekaza kiasi gani. Boksi spana ya 52 si ghali na inaokoa beringi.

Mimi mwenyewe yaliyonipata hayakuwa ya flenji ila ya springi. Pikapu yangu nilibadilisha senta bolti mara tatu mwaka mmoja, kila mara nikilaumu aliyeniuzia bolti. Kumbe ni yu-bolti zilikuwa zimelegea. Senta bolti kazi yake ni kuonyesha majani ya springi mahali pa kukaa, kushika ekseli ni kazi ya yu-bolti. Zikilegea senta bolti inabeba gari peke yake, lazima ikatike. Mara ya mwisho ilikuwa Ahero, gari likawa linaenda upande kama kaa, upande mmoja wa ekseli mbele ya mwingine. Nilinunua yu-bolti mpya, si zile za nondo zilizokunjwa kwa moto, nikakaza, nikaenda mpaka Katito na kurudi, nikakaza tena. Mpaka leo iko.

#32 Njoro_IIA
Nimefanya kazi Jumamosi yote. Kwanza nilifunga magurudumu ya mbele na mawe na kuweka stendi mbili za chuma, msije mkaniuliza.

Utepe: mbele sentimita 131.4, nyuma 131.0. Milimita nne. Sijui kama ni kupinda ama ni mimi na utepe wangu, nimerudia nikapata tatu.

Nati za 52 kushoto zina makovu ya patasi pande zote, na habu nikiitikisa juu na chini inasema tok tok. Kwa hivyo beringi ilikuwa imelegea pia.

Yaani kila mtu hapa amepata kitu chake 😩

#33 Trekta_Kitale
Sasa habu usiirudie na M11 ama kuweldi matundu. Kama una fundi mzuri wa lethi, toboa na uweke koili za thredi za 3/8 UNF, meno yanakuwa mapya ya chuma kigumu. Kama hana uhakika wa kutoboa wima, tafuta habu nyingine nzima. Na flenji hiyo yenye tundu lililoenda upande usiirudishe.

Bolti usitafute kwa maduka ya magari. Nenda kwa spea za trekta. Massey Ferguson 35 na 135 zimejaa UNF na UNC, na hapo Nakuru na Njoro wanazo kwa sababu mashamba bado yanazitumia. Uliza 3/8 UNF daraja la juu yenye alama kichwani, mistari mitatu ya Kimarekani ama S ya Kiingereza ama zaidi. Isiyo na alama muachie. Na usichukue ya kuokota kwa chuma chakavu hata kama imeandikwa 10.9, hujui kama ilipita kwa moto wa gesi, ikipashwa moto mwekundu nguvu imeenda na alama imebaki.

#34 Lanet_Beetle
Si aende 12.9 kabisa amalize?

#35 Mama_Grisi
Bolti ngumu zaidi kwa flenji inayoteleza itachoka vilevile. Kwanza abane. Gasketi nyembamba ya karatasi, nyuso safi zimefutwa na petroli mpaka kitambaa kitoke cheupe, bolti zikazwe kwa nyota, mara mbili, na toki renchi. Halafu apige mstari mmoja wa rangi kutoka kichwa cha bolti mpaka kwa flenji. Mstari ukikatika utajua bolti imezunguka. Mstari ukibaki na bolti imelegea, ni gasketi.

#36 mgeni_tu
Na gundi ya thredi?

#37 Kibuye_Soketi
Weka kama matundu hayana oili hata tone. Kwa ekseli ya zamani inayovuja hiyo ni kazi.

#38 Njoro_IIA
Wiki tatu zimepita. Nilipata habu kamili kwa mzee mmoja Gilgil, aliifunga kwa gunia na grisi kama mtoto mchanga. Nimehesabu kwa karatasi kabla ya kulipa, 24. Bolti za trekta nimepata Nakuru, flenji pia nimebadilisha, beringi mpya, boksi spana ya 52 nimenunua na nikasikia raha sana nati ikizunguka bila nyundo. Gasketi nyembamba. Nm 48, kwa nyota. Rangi ya manjano kwa kila bolti.

Nimeenda kilomita 340 pamoja na Mau Narok mara mbili, viazi magunia manne si sita. Mistari mitano imenyooka. Mmoja, wa juu kidogo kulia kama saa mbili hivi, umehama kama upana wa kiberiti.

#39 FundiMkongwe_Shabab
Mmoja tu, na wengine wametulia? Hiyo ni kupinda. Pima tena hizo milimita nne.

#40 Mama_Grisi
Ama tundu hilo moja lilikuwa na oili. Lifungue, lisafishe, ubadilishane hiyo bolti na ya upande wa pili, upige rangi mpya. Rangi ikihama tena mahali pale pale, mzee ana haki. Ikihama na bolti, ni bolti.

#41 Njoro_IIA
Naifungua kesho asubuhi kabla ya kukamua.